Siku Moja Katika Nyumba ya Makumbusho, na Vitu Vyetu vya Usangi

(Hotuba iliyotolewa Kighare mbele ya walimu, wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Ndugu Katibu aliniandikia nizungumze juu ya safari. Alitaraji, nadhani, niwaeleze habari za nchi za mbali. Lakini safari za watu wa milima hii mnazijua. Mtu hushuka Mwanga alfajiri, hupanda basi, hupita Same, Korogwe na Chalinze, na jioni yupo Dar es Salaam akitafuta nyumba ya ndugu yake. Kwa hiyo nimechagua kuzungumza juu ya siku moja tu katika safari ya namna hiyo, siku niliyoitumia ndani ya Nyumba ya Makumbusho ya Taifa. Baada ya hapo nitakuwa na ombi. Mwenyekiti ameniruhusu kulileta mbele yenu, na msipolipenda mna haki ya kulikataa.

Nilikwenda Dar es Salaam kufuatilia karatasi. Ofisini nikaambiwa mwenye kutia sahihi atakuwapo kesho. Basi nikawa na siku nzima mkononi, sina kazi, na jua la pwani mnalijua. Nikatembea kuelekea Bustani ya Mimea, na karibu nayo, katika mtaa wenye jina la Shaaban Robert, nikaingia Makumbusho.

Nyumba yenyewe ina historia yake. Jengo la kwanza lilifunguliwa mwaka 1940, wakati wa Waingereza, kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano. Baada ya Uhuru likaongezwa jengo jipya mwaka 1963, na baadaye mengine. Ndani mna mambo ya kila aina: michoro ya rangi ya mtindo aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga, vinyago vya Wamakonde, ngoma na vyombo vingine vya muziki, hata magari waliyopanda viongozi wa nchi hii. Siku ile walikuwapo watoto wa shule ya msingi na mwalimu wao, na nakiri kwamba kwenye magari walikaa muda mrefu kuliko kwenye vyungu. Mimi nitazungumza juu ya mambo matatu tu, kwa sababu kila moja lilinifundisha jambo moja.

Jambo la kwanza ni fuvu la Olduvai. Wanafunzi mnalijua kutoka vitabu vya historia. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona mfupa umejitokeza katika udongo wa Bonde la Olduvai. Vipande vilipounganishwa vikawa fuvu lenye magego makubwa ajabu. Mumewe, Louis Leakey, akalipa jina la Zinjanthropus, kutokana na Zanj, jina ambalo waandishi wa Kiarabu wa zamani waliwaita watu wa pwani yetu. Mwaka 1961 wataalamu walipima miamba ya pale na kusema umri wake ni kama miaka milioni 1.75. Fuvu lilipelekwa Nairobi kuchunguzwa, na mwaka 1965 likarudishwa Tanzania.

Sasa sikilizeni vijana. Lilipopatikana, pembeni yake palikuwa na mawe yaliyochongwa. Leakey alisema mwanzoni kwamba huyu ndiye aliyeyachonga. Lakini katika bonde lile lile ikapatikana mifupa ya kiumbe mwingine, mwenye ubongo mkubwa zaidi, na mwaka 1964 akapewa jina la Homo habilis, yaani mtu hodari wa mikono. Tangu hapo wengi wakasema mchongaji wa mawe alikuwa huyu wa pili. Yule wa kwanza naye amebadilishwa jina, na wataalamu wengi sasa humwita Paranthropus boisei.

Nilisimama mbele ya kile kioo nikawaza hivi. Maelezo yamebadilika, jina limebadilika, lakini mfupa ni ule ule. Kama wangeandika maelezo yao na kuutupa mfupa, leo tungebaki na maelezo ya mwaka 1959 na tusingekuwa na njia ya kuyapima. Kitu kikitunzwa huweza kuulizwa tena. Anayekuja baada yetu atakuwa na maswali ambayo sisi hatujayafikiria, na lazima akute kitu cha kuuliza.

Jambo la pili ni Kilwa. Mnajua kwamba Kilwa Kisiwani palikuwa na mji mkubwa, wenye msikiti wa mawe na jumba la Husuni Kubwa. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Mji ule ulipiga sarafu zake wenyewe, vipande vidogo vya shaba vyenye jina la mtawala. Sarafu moja ya Sultani huyo ilipatikana Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari, nayo ni ushahidi kwamba dhahabu ya kusini na bidhaa za pwani zilikuwa zikikutana.

Lakini kisa kinachonipendeza zaidi ni cha Australia. Mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, alikuwa akilinda katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao. Akaokota mchangani sarafu tisa. Akaziweka kwenye kopo, na zikakaa humo miaka zaidi ya 30 kabla ya kuzipeleka zikachunguzwe. Nne zilikuwa za Kidachi. Tano zilikuwa za Kilwa! Zimefikaje huko? Wataalamu wanabishana mpaka leo. Lakini wana mahali pa kuanzia, kwa sababu yule askari alikuwa amechora ramani na kutia alama ya mkasi pale alipoziokota. Ndiyo maana mwaka 2013 watafiti waliweza kwenda kupatafuta.

Hebu fikirini kama asingeweka ile alama. Sarafu zingekuwa shaba tu kwenye kopo. Mtu yeyote angeweza kusema amezinunua sokoni. Kilichozifanya ziwe shahidi ni habari ya mahali zilipotoka. Hili ni somo la pili. Kitu bila habari zake ni bubu.

Jambo la tatu ni zito, nami nitalisema kwa heshima. Katika historia ya utawala wa Wajerumani, humu nchini yalichukuliwa mengi, na mengine yalikuwa ni miili ya watu. Mtwa Mkwawa wa Uhehe alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo katika miezi sita. Halikurudi. Miaka ya 1950 likatafutwa katika makumbusho ya Bremen, miongoni mwa mafuvu mengi, na likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Kutoka 1898 mpaka 1954 ni miaka 56. Mtoto aliyezaliwa siku Mkwawa alipokufa alikuwa mzee mwenye wajukuu siku fuvu liliporudi.

Huyo alikuwa mtawala, na jina lake liliandikwa katika mkataba wa mataifa. Je, wale wasio na jina? Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walieleza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki. Kwa vipimo vya vinasaba waliweza kuonyesha uhusiano na jamaa walio hai hapa Tanzania kwa mafuvu matatu tu. Matatu, ndugu zangu! Na mwaka huo huo, mwezi Novemba, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa katika vita vya Maji Maji. Msamaha umeombwa, lakini majina ya waliochukuliwa hayakuandikwa wakati ule, na kuyapata sasa ni kazi ngumu.

Nina mfano mmoja wa jina lililosalia. Huko Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, mamia ya watu wetu walichimba mifupa ya wanyama wakubwa wa zamani sana na kuibeba vichwani mpaka pwani. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin, na urefu wake kwenda juu wapita mita 13. Wabebaji hatuwajui. Lakini msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, aliandikwa, na mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru alipewa jina kwa heshima yake: Australodocus bohetii. Karibu miaka mia moja ilipita, na jina likapata kazi, kwa sababu tu liliandikwa. Hilo ni somo la tatu. Andika jina la mtu.

Nikatoka nje kwenye kivuli nikakaa. Nikajiuliza: kama mtunzaji wa nyumba hii angenifuata sasa hivi akasema, "Ndugu, niletee kitu kimoja cha Usangi chenye historia yake kamili," ningeleta nini?

Si kwamba hatuna. Mnisikilize niwahesabie. Milima hii ilikuwa ni nchi ya chuma. Wazee walikusanya mchanga mweusi katika vijito vyetu, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto. Ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, na mapokeo ya Ugweno yanasema walitawala huko kabla ya Wasuya. Chuma cha Ugweno kiliuzwa mpaka Uchagani. Hata leo, mkilima shamba baada ya mvua, jembe lenu huibua mavi ya chuma, yale mawe mazito yenye matundu ambayo watoto huyarushia ndege.

Tena, wageni wamekwisha kuja kutafuta. Mwaka 1971 jarida la Azania lilichapa ripoti ya Knut Odner juu ya uchimbaji wake Upare Kaskazini, na mahali palipotajwa kwanza katika kichwa cha ripoti hiyo ni Hospitali ya Usangi. Naam, hospitali ile ile tuliyopelekwa tukiwa na surua! Wagonjwa wetu walikuwa wakipita juu ya vyungu vya watu wa kale. Na Mpare mwenzetu, Profesa Isaria Kimambo, aliyefariki mwaka 2018, alipita milimani humu akiwahoji wazee, koo kwa koo, na mwaka 1969 akatoa kitabu cha historia ya siasa ya Wapare kuanzia mwaka 1500 hivi mpaka 1900. Kabla ya hapo walikuwapo waliodai kwamba watu wasioandika hawana historia. Kimambo alijibu kwa kusikiliza. Wazee wale aliowahoji wamelala wote.

Sasa nitawaeleza yaliyotokea wiki mbili baada ya kurudi. Nilikwenda kumsalimu baba yangu mkubwa. Nikakuta uani kijana wa vyuma chakavu, ana mizani ya kuning'iniza, na chini pana rundo: bati bovu, rimu ya baiskeli, sufuria lililotoboka, na kipande cha chuma kama ngumi mbili, kizito, kimelika upande mmoja.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umefika wakati mzuri, tunapima."

"Na hiki nacho kinapimwa?"

"Hicho ni nyundo ya babu yenu. Tangu afe kinashikilia mlango wa banda la mbuzi. Kina uzito, kitaleta chochote."

Nikamwomba anieleze habari zake kabla hakijapimwa. Akacheka, akakaa kwenye kigoda, na maelezo yakachukua saa nzima. Alieleza babu alijifunza kwa nani, mahali walipochoma makaa, miiko waliyoishika siku za kuyeyusha, wimbo wa mivukuto, na kwa nini kazi ikafa majembe ya dukani yalipokuja. Alitaja majina ya watu saba. Yule kijana wa mizani naye alikaa akasikiliza, na mwisho akasema, "Mzee, hiki usiniuzie." Alichukua bati na rimu, akaenda zake. Kwa hiyo sisemi kwamba wanunuzi hawa ni watu wabaya. Wanatafuta riziki, nao hawawezi kujua tusipowaambia. Lakini pimeni wenyewe. Kwa bei ya kilo ya chuma, kile kitu kingekwenda kuyeyushwa kiwe nondo, na zile habari za saa nzima zisingesimuliwa, maana hakuna mtu ambaye angeuliza.

Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo penye ombi langu. Naomba umoja wetu usaidie shule kuwa na kabati moja la makumbusho. Sisemi jengo, wala sisemi harambee ya mamilioni. Nasema kabati la mbao lenye kioo na kufuli, katika chumba cha maktaba, na daftari moja gumu la kurasa nyingi. Kati yetu wamo maseremala, mwenye duka la vioo yupo, na mimi nitatoa kufuli na daftari.

Daftari ndilo kubwa kuliko kabati. Kila mwanafunzi, likizo ikifika, achague kitu kimoja nyumbani kwao au kwa jirani, akiandikie majibu ya maswali matano. Kinaitwaje kwa Kipare au Kigweno? Nani alikitengeneza, na mtu huyo alikuwa mtoto wa nani? Kilitumika wapi na kwa kazi gani? Kimekaa wapi tangu hapo mpaka leo? Nani anayeeleza haya, na leo ni tarehe gani? Apige na picha, kama ipo simu ya kupigia. Kitu chenyewe si lazima kihame. Mwenye kupenda kukiazima shule apewe hati yenye sahihi ya Mwalimu Mkuu, na siku atakayokitaka arudishiwe.

Yapo mambo matatu ya kuyaangalia. Kwanza, msichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 na mahali vinapopatikana. Ukiona vigae vya chungu vimefukuliwa na mvua, andika mahali, kama yule askari wa Australia, kisha mwambie mwalimu apeleke habari serikalini. Pili, mtu akija kununua vitu vya kale avipeleke nje, mjue kwamba kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Tatu, msiguse kitu chochote cha mpungi. Misitu ile ya matambiko ina wenyewe, na wengine wamewahifadhi humo wazee wao. Tumekwisha kuona nini hutokea mafuvu ya watu yakigeuzwa kuwa vitu vya kabatini. Hatutaki kuwatendea wazee wetu yale tunayowalaumu wageni kwa kuyatenda.

Najua lipo swali. Jana jioni rafiki yangu mmoja aliniuliza: shule ina upungufu wa madawati, wewe unataka kabati la nyundo? Ni swali la haki, nami nalijibu hivi. Dawati tukilikosa mwaka huu tutalinunua mwaka ujao, na litakuwa dawati lile lile. Mzee wa miaka tisini tukimkosa mwaka huu, mwaka ujao hatapatikana dukani. Tununue madawati, ndiyo. Lakini daftari halizuii dawati hata moja.

Tena si vyote vinaingia kabatini. Hakuna kioo kinachoweza kufunika ndiva. Bwawa lile dogo linalojazwa maji usiku na kufunguliwa asubuhi, kila mtu na zamu yake, ni mali ya kale kuliko meza yoyote ya ofisi, nalo hutunzwa kwa kutumiwa. Lakini kanuni zake zaweza kuandikwa: nani alilichimba, zamu ziligawanywaje, ugomvi uliamuliwaje. Mwanafunzi wa jiografia anayetafuta kazi ya likizo, kazi ni hiyo.

Vijana, ninyi mtasafiri kuliko sisi. Wengine mtafika Berlin, London au Muscat, mtaingia nyumba kubwa za makumbusho, nanyi mtaona vitu vilivyotoka Afrika vimewekewa taa nzuri. Tazameni vizuri, kisha someni kibao. Kibao kikisema tu "Afrika Mashariki", mjue kwamba pale pana jina la mtu halikuandikwa. Na sisi wa zamani, kabla ya kuwalaumu walioandika kidogo, tuanze kuandika cha kwetu chote tungali na wa kumuuliza.

Wazee mliofika leo ni kumi na wanne, nimewahesabu. Ndugu Mwenyekiti, daftari ninalo hapa mkononi, na chakula bado hakijaiva. Naomba kila mwanafunzi wa kidato cha tatu akakae na mzee mmoja.